Somo: Mzigo Unaobebwa na Kidole Kwenye Kioo cha Kishikwambi

Mkusanya mapato anayesimama kwenye geti la mazao tangu alfajiri hashiki jembe wala habebi gunia. Hushika mashine ndogo ya kukusanyia ushuru, naye huigusa kwa kidole gumba tena na tena hadi jua linapotua. Jioni akilalamika kwamba shina la kidole gumba linamuuma, wenzake humcheka: kioo hakihitaji nguvu kubonyezwa, sasa kinachouma ni nini? Swali hilo la utani lina jibu la kisayansi. Limetafutwa kwa zaidi ya miaka 40 katika maabara za biomekanika, taaluma inayouchunguza mwili kwa kanuni zile zile za fizikia zinazotumika kukokotoa uimara wa daraja au winchi, na kwa sehemu kubwa limepatikana kwa kumjenga upya mwanadamu ndani ya kompyuta.

Vioo vya kugusa vimeingia katika karibu kila huduma ya umma. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 iliendeshwa kwa vishikwambi, na baada yake vifaa hivyo vikagawiwa kwa walimu. Takwimu za kaya, chanjo, mahudhurio ya wanafunzi na ushuru wa masoko sasa huanzia kwenye ncha ya kidole cha mtumishi. Kidole hicho ni kitendea kazi kama kilivyo kishikwambi chenyewe, isipokuwa hakina kipuri dukani.

Kidole hakijiendeshi

Wengi hudhani kwamba kidole hujikunja chenyewe. Ndani ya kidole hamna msuli hata mmoja wa kukikunja wala kukinyoosha. Misuli mikubwa inayofanya kazi hiyo imelala katika kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na midogo ipo ndani ya kiganja. Anayetaka kuthibitisha aushike mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kisha agongegonge meza kwa vidole vya mkono wa kulia. Atahisi nyama ya kigasha ikicheza chini ya kiganja chake, sentimita nyingi kutoka mahali kazi inapoonekana kufanyika.

Nguvu ya misuli hiyo husafirishwa hadi kwenye vidole kwa kano, ambazo ni kamba nyeupe zilizo imara. Kila kidole kina pingili 3, na kidole gumba kina 2, hivyo mkono mmoja una pingili 14 kati ya mifupa yake 27. Kano hupita juu na chini ya pingili hizo, zikishikiliwa karibu na mfupa na pete ngumu za nyama, kama kapi linavyoielekeza kamba ya tanga. Kwenye kifundo cha mkono, kano 9 za kukunja vidole hupenya katika njia moja nyembamba pamoja na mshipa mmoja mkuu wa fahamu. Njia hiyo haina nafasi ya ziada. Kano zikivimba, kinachobanwa kwanza ni mshipa huo wa fahamu, na mwenye mkono huamka usiku akiwa na ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati.

Kuhusu nguvu zenyewe, hesabu ya wenzo iliyofundishwa darasani inatosha kuanzia. Chukua pingili ya mwisho ya kidole cha shahada. Kioo hukisukuma kidole katikati ya nyama ya ncha, takriban milimita 12 kutoka kwenye kiungo cha mwisho. Kano inayopaswa kuzuia pingili isirudi nyuma hupita umbali wa takriban milimita 4 tu kutoka kwenye egemeo la kiungo hicho hicho. Umbali wa 12 ukigawanywa kwa 4, jibu ni 3. Ina maana kwamba kidole kinapokisukuma kioo kwa nguvu ya uzito wa gramu 100, kano inavutwa kwa nguvu ya takriban gramu 300. Ndiyo bei ya kuwa na kidole chembamba: kano ikiwa karibu mno na mfupa, kidole hupata wepesi na mwendo mpana, lakini kila tendo hulipiwa mara kadhaa ndani ya kamba.

Mkao hubadilisha bei hiyo. Kidole kikisimama wima juu ya kioo, nguvu hupita karibu na mstari wa mfupa wenyewe na kano hupumzika kiasi. Kikilazwa na kunyooshwa ili kufikia pembe ya mbali, umbali wa wenzo huongezeka na kano huvutwa zaidi. Hapa ndipo karatasi na kalamu huanza kushindwa, kwa sababu kidole kina viungo kadhaa, kila kimoja kikibadilisha pembe yake kila sehemu ya sekunde, na kano moja huvuka zaidi ya kiungo kimoja.

Mkono wa kompyuta unavyojengwa

Modeli ya kompyuta ya mkono si picha. Ni mkusanyiko wa hesabu. Mifupa huingizwa kama vipande vigumu vyenye urefu na uzito unaojulikana, vilivyopimwa kwa picha za mionzi au kutoka kwa maiti zilizotolewa kwa ajili ya utafiti. Viungo huingizwa kama bawaba, kila bawaba na pande inazoweza kugeukia. Misuli huingizwa kama injini ndogo zinazovuta tu na hazisukumi kamwe. Tabia yake hufuata kwa kiasi kikubwa kazi ya Mwingereza A. V. Hill, ambaye mwaka 1938 alionyesha uhusiano kati ya nguvu ya msuli na kasi unayojikunja nayo: kadiri msuli unavyojikunja haraka, ndivyo unavyoweza kuvuta kidogo.

Kisha huja mtu halisi. Alama ndogo zinazoakisi mwanga hubandikwa juu ya kila pingili, kamera kadhaa hufuatilia mwendo wake, na kipima nguvu huwekwa chini ya kioo. Mtu huyo hugonga, huteleza, huandika. Kompyuta hupokea mwendo na nguvu za nje, halafu hupiga hesabu kwa kurudi nyuma: ili kidole kiende hivi na kusukuma hivi, ni lazima kila kiungo kiwe kimezungushwa kwa nguvu kiasi gani? Programu maarufu ya kazi hii, OpenSim, ilitolewa mwaka 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, nayo hupatikana bila malipo. Mwanafunzi wa chuo chochote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuipakua na kuanza kujifunza.

Hata hivyo, kurudi nyuma huko hukwama mahali pamoja pagumu. Kidole cha shahada kina njia 4 za kujikunja na kugeuka, lakini kinaendeshwa na misuli 7. Fizikia hutoa milinganyo 4 kwa mambo 7 yasiyojulikana. Ni kama watu 7 waliobeba gogo moja: uzito wa gogo unajulikana, lakini hakuna awezaye kusema kwa kulitazama tu ni nani aliyelemewa na ni nani aliyeweka bega kwa heshima. Wataalamu huvuka kikwazo hiki kwa kuiwekea kompyuta kanuni. Inayotumika sana ni kudhani kwamba mwili hugawa kazi kwa namna inayofanya jumla ya mraba wa juhudi ya kila msuli iwe ndogo kabisa. Ni kanuni ya busara, kwa kuwa huepuka kuuchosha msuli mmoja. Lakini ni dhana, na msomaji afaa kulishika neno hilo kabla ya kuendelea.

Kilo moja inapogeuka kumi na mbili

Hesabu iliyowafungua macho wengi ilichapishwa mwaka 1977 na Cooney na Chao nchini Marekani, miaka mingi kabla ya simu janja. Walikokotoa nguvu zilizo ndani ya kidole gumba mtu anapobana kitu kwa ncha ya kidole hicho. Kwa mbano wa kilo 1, kiungo kilicho karibu na ukucha kilibanwa kwa takriban kilo 3, cha katikati kwa kilo 5.4, na kile cha shina, karibu na kifundo cha mkono, kwa kilo 12. Nguvu haikupungua ilipozidi kuwa mbali na ncha, iliongezeka. Ndiyo sababu gegedu ya kiungo hicho cha shina ni miongoni mwa zinazochakaa mapema mkononi, na ndiyo sababu mkusanya mapato wa mwanzo wa somo hili huonyesha pale pale kwenye shina anapoulizwa maumivu yapo wapi.

Sasa hesabu hiyo ihamishwe kwenye kishikwambi. Kiwe na uzito wa gramu 500 na upana wa sentimita 16, kikishikwa kwa mkono mmoja ubavuni, kidole gumba juu na vidole vinne chini. Katikati ya uzito ni sentimita 8 kutoka ukingoni. Vidole vya chini vikibeba kwenye sentimita 5 na kidole gumba kikikandamiza kwenye sentimita 1, kishikwambi kinakuwa kama mbao ya bembea: upande wa nje unashuka kwa gramu 500 zilizo sentimita 3 kutoka kwenye egemeo, na kidole gumba, kilicho sentimita 4 upande wa pili, hulazimika kukandamiza kwa gramu 375 ili kifaa kisianguke. Ikiwa uwiano wa mwaka 1977 utatumika, shina la kidole hicho hubanwa kwa takriban kilo 4.5, bila kupumzika, muda wote wa mahojiano ya kaya moja. Ni makadirio ya haraka, na mkao wa kidole si ule ule wa maabara. Hata hivyo, yanaonyesha jambo ambalo watumiaji wengi hawalifikirii: mara nyingi kinachoumiza si mkono unaogusa kioo bali ni ule unaokishika kifaa.

Kishikwambi hicho hicho kikilazwa juu ya kigasha cha mkono wa pili, au juu ya ubao wa kuandikia wenye mkanda wa shingoni, gramu 375 zile hutoweka. Mkanda wa aina hiyo hushonwa na fundi yeyote wa mabegi.

Modeli iliposahihishwa na mgonjwa

Mwaka 1998 Jack Dennerlein na wenzake walichapisha kazi ambayo kila anayependa takwimu za kompyuta angepaswa kuisikia. Walitumia nafasi adimu: wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa kuipanua ile njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Kano ikiwa wazi mbele ya daktari, kipimo kidogo kiliwekwa juu yake, na mgonjwa, akiwa macho, akaombwa kukandamiza kipima nguvu kwa ncha ya kidole. Kwa mara hiyo mvutano wa kano haukukisiwa. Ulisomwa moja kwa moja. Matokeo yalikuwa kwamba moja ya kano mbili kuu za kukunja kidole ilikuwa imevutwa zaidi ya modeli ya wakati huo ilivyotabiri. Tofauti baina ya mtu na mtu nayo ilikuwa kubwa. Kompyuta ilikuwa imeugawa mzigo kwa uchumi mzuri, ilhali miili ya wagonjwa wale ilikuwa na ugawaji wake.

Modeli haikutupwa kwa sababu hiyo. Ilirekebishwa, na hivyo ndivyo kazi hii inavyosonga mbele. Lakini tukio hilo linafaa kukumbukwa kila inapoletwa picha ya rangi kutoka kwenye kompyuta ikidai kuonyesha kinachotokea ndani ya mwili. Mfano ulio hai ni ule wa shingo. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu ya kompyuta iliyosema kwamba kichwa kilichoinamishwa nyuzi 60 juu ya simu huitwisha shingo mzigo wa takriban kilo 27. Namba hiyo imeizunguka dunia kwa simu zile zile kana kwamba ilisomwa kwenye mizani. Haikupimwa katika shingo ya mtu yeyote. Mwelekeo wake ni wa kweli, kwani kuinama huongeza mzigo; namba yenyewe ni ya modeli, tena modeli nyepesi.

Nyama ya ncha na kioo chenye vumbi

Kioo cha kugusa cha aina ya kisasa hakihisi nguvu kabisa. Kina gridi ya nyaya zisizoonekana zenye umeme mdogo, na ngozi ya mwanadamu, kwa kuwa hupitisha umeme, huuvuruga uga wa umeme inaposogea karibu. Wazo hilo lilielezwa mwaka 1965 na E. A. Johnson, mhandisi wa taasisi ya rada iliyokuwa Malvern, Uingereza, kwa ajili ya waongoza ndege. Kinachosomwa na kioo ni eneo la ngozi lililogusa, si msukumo.

Hapa modeli ya aina nyingine huingia. Mwaka 1998 Serina na wenzake huko California waliichora ncha ya kidole kama puto lenye umbo la yai lililojaa majimaji, ngozi ikiwa ndiyo utando wa nje. Modeli hiyo ililingana na kilichopimwa kwa watu: ncha hubonyea upesi kwa nguvu ndogo, kisha hukakamaa ghafla. Sehemu kubwa ya kubonyea huisha kabla nguvu haijafikia nyutoni 1, yaani uzito wa takriban gramu 100. Baada ya hapo, kuongeza nguvu huongeza eneo la mguso kwa kiasi kidogo mno.

Ukiyaunganisha mambo haya mawili utaona kosa la kila siku la kazini. Kioo kilichojaa vumbi la mnadani, au chenye plastiki nene ya kinga iliyopasuka, husoma mguso kwa shida. Mtumishi huona kifaa kimekataa, akagonga kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ya ziada hailisaidii eneo la mguso kukua, kwa hiyo kioo hakipati cha kusoma kilichozidi. Kano ndizo zinazolipa, mara 3 au zaidi ya kila gramu. Kitambaa safi na plastiki mpya hufanya kazi ambayo kidole hakiwezi. Mashine za zamani zenye kioo cha tabaka mbili kinachohitaji kukandamizwa ni habari nyingine, na kwa hizo kalamu ya plastiki ni bora kuliko ukucha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Kim na wenzake nchini Marekani ulilinganisha kibodi ya kwenye kioo na kibodi za kawaida. Kwenye kioo, nguvu za kugonga na kazi ya misuli ya vidole zilikuwa ndogo. Hiyo ingekuwa habari njema, ila kasi ya kuandika ilishuka na waandishi waliona raha kidogo. Sababu moja haihitaji kompyuta kuielewa: juu ya kibodi ya kawaida vidole hupumzika kwenye vibonye, lakini juu ya kioo kila kidole kinachotua huandika herufi, hivyo mkono mzima hulazimika kuelea. Mwenye kazi ya kuandika taarifa ndefu kwa kishikwambi afadhali aombe kibodi ya kuchomeka.

Fomu zinazoandaliwa kwa ajili ya vifaa hivi nazo zina sehemu yake. Tangu Paul Fitts alipoandika mwaka 1954, inajulikana kwamba muda wa kufikia shabaha huongezeka kadiri shabaha ilivyo mbali na ilivyo ndogo. Mwaka 2006 Parhi, Karlson na Bederson waliwapima watumiaji wa kidole gumba cha mkono mmoja, wakapendekeza kitufe kisipungue milimita 9.2 kwa mguso mmoja na 9.6 kwa miguso inayofuatana. Anayeandaa dodoso lenye visanduku vidogo kama punje za mtama, vikiwa vimepangwa pembe ya juu kabisa ya kioo, humlazimisha mhojaji kukinyoosha kidole gumba hadi mwisho wake na kurudia kila anapokosea. Rula ya mwanafunzi ikiwekwa juu ya kioo kabla fomu haijapitishwa, inatosha kukagua hilo.

Maumivu yanapokuwa ya kazi

Mwaka 1895 daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza maumivu ya upande wa kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, ambako kano mbili hupita ndani ya ala moja. Ala hiyo ikivimba, kunyanyua kikombe au kumwinua mtoto huuma. Miaka 115 baadaye, katika orodha ya magonjwa ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010, Shirika la Kazi Duniani liliorodhesha ugonjwa huo unaposababishwa na miondoko ya kujirudia, nguvu nyingi au mikao mibaya ya kifundo cha mkono, pamoja na ule wa mshipa wa fahamu kubanwa. Malalamiko ya mtumishi wa getini, basi, si uvivu wala deko.

Modeli ya kompyuta haiwezi kumthibitisha mtu mmoja kuwa ni mgonjwa wa kazi yake. Huonyesha ni mwendo upi na mshiko upi unaoelemea. Ushahidi wa mtu mmoja hutoka kwake. Mtumishi mwenye maumivu yanayorudi kila siku ya kazi na kupungua siku za mapumziko, au ganzi ya usiku katika vidole vitatu vya kwanza, afike kituo cha afya mapema, kabla nguvu za kubana hazijapungua. Aende na maelezo yaliyoandikwa: tarehe maumivu yalipoanza, aina ya kifaa, saa za kukitumia kwa siku, mkono unaokishika na mkono unaogusa. Nakala ya maelezo hayo abaki nayo mkuu wake wa kitengo.